Visima vya Mwanza vimefikaje baharini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni vijana wa Igoma, Mwanza. Tunatengeneza programu ya simu ya kuonyesha visima vinavyotoa maji na vilivyokufa, kwa data huria ya Wizara ya Maji iliyotumika kwenye mashindano ya DrivenData, tovuti ya kushindania uchambuzi wa data. Tukiviweka kwenye ramani, visima vingi vya kwetu vinaangukia baharini, magharibi mwa Afrika! Tumekosea wapi? Tujaze nukta zao kwa wastani wa wilaya?

JIBU: Hamjakosea. Jedwali lile lina vituo vya maji 59,400, na katika vituo 1,812 longitudo imeandikwa sifuri, latitudo nayo karibu na sifuri. Nukta hiyo iko Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Vyote ni vya mikoa ya Mwanza na Shinyanga, hivyo mkimlalamikia mwenzenu wa Iringa hatawaelewa. Sifuri hapo ni pengo, hakuna kipimo kilichojazwa. Safu ya mwaka wa ujenzi ina ugonjwa huohuo: vituo zaidi ya 20,000 vina mwaka 0. Geuzeni sifuri hizo ziwe tupu kabla ya hesabu yoyote.

Wastani msitumie. Ukerewe ni visiwa. Wastani wa nukta zake unaweza kuwatupa katikati ya ziwa, na fundi pampu haendi na mtumbwi. Vituo visivyo na nukta vionyesheni kama orodha, kwa kata na kitongoji. Anayechota maji pale anakijua kisima chake kwa jina.

Angalieni pia mikoa. Jedwali lina 21, ile ya kabla ya Geita na Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Mkiunganisha na sensa ya 2022 kwa jina la mkoa, watu wa Geita watakosa visima na visima vya Geita vitahesabiwa Mwanza, Shinyanga na Kagera. Unganisheni kwa wilaya na kata, halafu mkague kwa macho, maana kata nazo hugawanywa.

Lakini shida kubwa kuliko zote ni umri. Sehemu kubwa ya taarifa hizi ilikusanywa kati ya 2011 na 2013. Mkimwambia mama wa Misungwi kwamba kisima fulani kinatoa maji, akabeba ndoo akakuta pampu imeng'olewa, hatafungua programu yenu tena. Chukueni kata moja tu, waombeni RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini) wa wilaya orodha ya sasa kwa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi yenye taarifa siku 30 kujibu. Ombeni faili la Excel, maana karatasi zilizoskaniwa zitawachukua wiki nzima kuziandika upya.

Ripoti za wananchi zipokeeni kwa SMS, kwa kuwa simu za vitochi, zisizo na programu, bado ni nyingi vijijini. Namba za wanaoripoti msizionyeshe kwenye ramani, na kabla hamjaanza kuzitunza someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.