Kupanda meli tena mwezi wa pili? Msubiri kwanza

Shikamoo mama. Umeuliza kama wewe na mzee, wote mmeshapita 70 na mmechanjwa corona mpaka busta, mpande tena meli ya kitalii kutoka Miami mwezi huu wa pili, 2022, kama mlivyozoea. Mi naona msubiri kwanza. CDC, wale wa serikali ya Marekani wanaodhibiti magonjwa, tarehe 30 Desemba 2021 walisema watu waepuke hizo meli hata kama wamechanjwa, maana hii Omicron, aina mpya ya corona, inapenya tu, chanjo inakukinga usiumwe sana ila kuipata unaipata. Na mnakumbuka ile meli ya kitalii Diamond Princess kule Yokohama, Japani, Februari 2020, watu zaidi ya 3,700 ndani, zaidi ya 700 wakaambukizwa, wengine wamefungiwa vyumba visivyo hata na dirisha, na kipindi kile hata chanjo hakuna, sawa.

Ila kinachonitisha zaidi ni hela jamani. Medicare ya kawaida, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, meli ikishakuwa mbali na bandari ya Marekani zaidi ya masaa 6 hailipi matibabu ya humo melini, sasa mzee akibanwa kifua katikati ya bahari mnatoa mfukoni, na ndege ya kumkimbiza hospitali ni maelfu ya dola. Kama lazima mwende basi kateni bima ya safari inayotaja corona na kusafirishwa mgonjwa, someni yale maandishi madogo. Kama mmeshalipia pigeni simu muulize kama wanakubali kusogeza tarehe, msikubali haraka haraka kukatwa hela.