Ukienda Warszawa Kumwimba Moniuszko, Anza na Maneno

Teatr Wielki, jumba la Opera ya Taifa ya Polandi lililoko Warszawa, huwakusanya waimbaji vijana wa opera kutoka pande zote za dunia kwa ajili ya Shindano la Kimataifa la Uimbaji lenye jina la Stanisław Moniuszko, mtunzi wa opera wa Kipolandi. Shindano hilo lilianzishwa mwaka 1992 na Maria Fołtyn, soprano aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kuipeleka opera ya Kipolandi kwenye majukwaa ya nje. Alitaka mtu anayetoka mbali aimbe Kipolandi mbele ya Wapolandi, na aimbe vizuri. Mshiriki anayesahau lengo hilo huja na Verdi aliyeiva na Mozart aliyeng'arishwa, halafu anaangushwa na wimbo wa dakika tatu alioukariri wiki mbili kabla ya safari.

Neno ndilo linaloamua. Majaji wa Kipolandi wamezisikia aria za Moniuszko, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja ndani ya opera, tangu utoto, na silabi ikipinda wanaisikia kabla hawajapata nafasi ya kuipenda sauti yako. Basi usiyaachie maneno yaje mwisho kama viungo vya kunyunyizia.

Hapa anayezungumza Kiswahili ana mtaji ambao Mwingereza au Mchina hana. Mkazo wa Kipolandi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na wetu. Mtu anayesema "kitaBUni" bila kufikiri atasema "doKOła" bila kufundishwa. Tofauti ni chache: maneno yenye asili ya kigeni kama "muzyka" hukazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, na vitenzi vyenye viambishi "-śmy", "-ście" na "-by" huuacha mkazo mahali ulipokuwa kabla ya kiambishi kuongezwa. Irabu a, e, i, o, u ni safi na wazi kama zetu, ingawa "e" na "o" zao zimefunguka zaidi kidogo. Hata miungano inayowasumbua wengine unayo tayari kinywani: "ń" ni "ny" ya nyumba, "wia" ni "vya" ya vyama, "pia" ni "pya" ya mpya, na "sł" ni "sw" ya swali, kwa sababu "ł" husomwa kama "w" ya wewe. Katika rekodi za zamani utasikia "ł" ikitamkwa kama "l" nzito ya menoni. Huo ulikuwa mtindo wa jukwaa wa wakati ule. Usiuige.

Mtego wa kwanza uko kwenye herufi. Jicho la Mswahili likiona "ch" linasoma ch, kumbe ni "kh" laini ya kheri. "W" ni v, "j" ni y, "c" ni ts, "ó" ni u. "Y" ni irabu kamili: tamka "i", kisha urudishe ulimi nyuma kidogo bila kuviringa midomo. Ukiifanya "i" ya kawaida unabadilisha maana, kwani "być" ni kuwa na "bić" ni kupiga. Vilevile "sz" si "ś". Ya kwanza ni nzito, ncha ya ulimi imeinuka. Ya pili ni nyembamba, mgongo wa ulimi umepanda juu na midomo imetabasamu. "Sh" yetu imekaa katikati, kwa hiyo inakosea pande zote mbili. Zoezi zuri ni kurudia "proszę" na "prosię" hadi sikio lako lenyewe litofautishe. La kwanza ni tafadhali, la pili ni kitoto cha nguruwe.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Sisi tumezoea kupachika irabu kati ya konsonanti: "school" imekuwa skuli, "bank" imekuwa benki. Chukua aria ya tendo la kwanza ya Halka, msichana ambaye opera ya Moniuszko *Halka* imepewa jina lake: "Jako od wichru krzew połamany". Neno "krzew" lina silabi moja tu. "Rz" ikifuata "k" hupoteza mlio na kuwa "sh", na "w" ya mwishoni huwa "f", hivyo neno zima linatoka "kshef". Ukisema "kireshefu" umeongeza silabi tatu ambazo mtunzi hakuziandikia nota. Dawa yake ni kuzitanguliza konsonanti: "ksh" itoke kabla ya pigo, "e" ikae juu ya pigo lenyewe, na "f" ifunge bila pumzi ya ziada. Nong'oneza mstari mzima kwa metronomu ya mapigo 60 kwa dakika, bila sauti yoyote, mara kumi kwa siku kwa wiki mbili. Mnong'ono huanika irabu haramu zote, kwa sababu hazina mahali pa kujificha. Wala usiseme huwezi: "mtu" na "nchi" zinaanza bila irabu, na unazisema kila siku.

Vihusishi "w" na "z" vinafuata njia hiyohiyo. Haviwi silabi, vinagandana na neno linalofuata. Dumka, yaani wimbo wa huzuni, ya Jadwiga, mezo-soprano wa *Straszny dwór*, opera nyingine ya Moniuszko, inaanza "Biegnie słuchać w lasy, w knieje". "W lasy" ni "vlasy" lakini "w knieje" ni "fknyeye", kwa kuwa "k" inaivuta "w" iwe "f". Na irabu za puani, "ą" na "ę", haziwi za puani kila mahali. Kabla ya p, b, t, d, k, g hugeuka kuwa irabu pamoja na m au n: "ząb" ni "zomp". Kabla ya l na ł pua haisikiki kabisa. "Ę" ya mwisho wa neno huwa karibu "e" tupu, na anayeikaza hapo anasikika kama msomaji wa kamusi. Pua yenyewe inabaki kabla ya s, sz, ś, w na wenzake, na katika "ą" ya mwishoni kama ile ya "szumią".

Ukishajua hayo ndipo uchague nyimbo, na kwenye uchaguzi vijana wengi wanajipoteza. Teno karibu wote huleta "Szumią jodły na gór szczycie", dumka ya Jontek kutoka tendo la nne la *Halka*. Ni nzuri, ina mstari mrefu, na majaji wanajua kila mahali pa kuvuta pumzi. Dumka hii haikuwemo opera ilipoimbwa kwa mara ya kwanza Vilnius, tarehe 1 Januari 1848, ikiwa na matendo mawili. Iliongezwa kwenye toleo la matendo manne la Warszawa, tarehe 1 Januari 1858. Jontek anaimba kilio cha mtu wa milimani anayempenda msichana aliyedanganywa na bwana mkubwa. Akija teno anayeonyesha noti za juu tu, wimbo unakufa. Kama huna pumzi ya kuubeba mstari wa kwanza kwa utulivu, chagua kingine.

Aria ya Stefan katika *Straszny dwór*, "Cisza dokoła", inadai zaidi. Tamka "chisha dokowa", ile "ch" ikiwa laini na nyembamba. Askari yuko peke yake usiku, saa kuukuu iliyokaa kimya muda mrefu inaanza kupiga, naye anamkumbuka mama yake. Opera hii ilionyeshwa Septemba 1865, miaka miwili tu baada ya uasi dhidi ya Urusi kuanza mwaka 1863, na watawala wakaipiga marufuku baada ya maonyesho matatu. Mpolandi anayesikiliza "Matko moja miła" anasikia mama na nchi kwa pamoja. Usiifanye tamasha. Kosa la kawaida ni kuikimbiza sehemu ya kengele. Piano au okestra ndiyo inayoshika saa, nawe uingie juu yake bila kuisukuma.

Katika opera hiyohiyo, besi wana Skołuba na "Ten zegar stary", aria ya kichekesho anayoiimba kumtia hofu mtumishi, huku akimkaribisha ugoro. Wengi huikandamiza sauti ili watishe, na maneno yanazama. Kicheko chake kimo kwenye konsonanti. Baritoni wana Miecznik, "Kto z mych dziewek", ambayo ni polonezi, dansi ya Kipolandi ya mwendo wa taratibu: pigo la kwanza lina uzito wa hatua ya mzee mwenye heshima, na kasi ikizidi heshima inaondoka. Aria ya Hanna, "Do grobu trwać w bezżennym stanie", ni ya soprano mwenye wepesi wa koo na nguvu ya kufika mwisho. Ni ndefu, na ukiianza kwa nguvu zote, mapambo ya mwisho yatakuumbua. Soprano ambaye bado hajafika hapo atatulia zaidi kwenye "Gdyby rannym słonkiem" ya Halka. Aizingatie ile "nn" ya "rannym", kila n isikike upande wake.

Nje ya Moniuszko kuna hazina ya watunzi wengine wa Kipolandi inayosahaulika. Nyimbo za Karłowicz ni fupi na zinafaa sauti changa. Nyimbo za Chopin zinaonekana rahisi, lakini "Życzenie" ni mazurka, dansi ya Kipolandi ya mapigo matatu, na mkazo wa mazurka unahamahama hadi pigo la pili au la tatu. Anayeicheza kama walsi amekosea nchi. Szymanowski ni wa walioiva: wimbo wa Roksana kutoka *Król Roger* ya mwaka 1926, au *Pieśni muezina szalonego*, ambapo anayeimba ni muadhini aliyezidiwa na mapenzi. Mswahili aliyekua akisikia adhana ana sikio la wimbo huo, ila asiufanye adhana. Mapambo yote yameandikwa kwenye nota, na yaimbwe yalivyoandikwa.

Nyimbo za *Śpiewnik domowy*, ule mkusanyiko mkubwa wa Moniuszko wa kuimbwa nyumbani, zina mtego wao. Beti nyingi, muziki uleule. "Prząśniczka" inasimulia wasichana wanaosokota uzi wa hariri huku piano ikizunguka kama gurudumu la kusokotea. Imba beti zote kwa rangi moja na majaji watakuwa wameshaandika alama ubeti wa pili. Tafsiri kila ubeti kwa Kiswahili, neno chini ya neno, uandike nani anasema na nini kimebadilika.

Kuhusu nota zenyewe: waimbaji wetu wengi wamelelewa na kwaya na husoma solfa. Vitabu vya Polandi ni vya mistari mitano tu. Ukiandika solfa juu ya nota kwa penseli utajifunza haraka, lakini mpe mpiga piano nakala safi isiyo na maandishi hayo. Tumia toleo la PWM, wachapishaji wa muziki wa Kraków, ukilipata. Nakala za kale zilizo huru mtandaoni zina tahajia ya kabla ya mageuzi ya mwaka 1936, na nyingine zina tafsiri ya Kirusi, Kijerumani au Kiitalia chini ya nota. Hakikisha unakariri mstari wa Kipolandi.

Kabla ya kualikwa, unachunguzwa kwa rekodi. Soma kanuni za toleo la mwaka huo mwenyewe: umri, tarehe ya mwisho, idadi ya nyimbo, umri wa rekodi. Zinabadilika, na usitegemee alichokuambia mshiriki wa zamani. Rekodi kwa mkupuo mmoja, bila kukata, uso na mikono vionekane. Simu ikitumiwa peke yake hubana sauti kubwa na kuinua ndogo, kwa hiyo kreshendo yako, yaani kukuza sauti hatua kwa hatua, haionekani. Tumia maikrofoni ya nje, umbali wa mita 2 hadi 3, juu kidogo ya kimo cha macho, kilele cha sauti kwenye kipimo cha rekodi kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Kifuniko cha piano kiwe nusu. Kanisa lenye mwangwi mrefu linapendeza sikio lakini linameza konsonanti ulizozihangaikia.

Ukichaguliwa, shughulikia viza siku hiyohiyo. Ubalozi wa Polandi upo Nairobi na Dar es Salaam. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla yake. Bima iwe ya angalau euro 30,000, na pasipoti idumu miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Barua ya mwaliko iwe na tarehe za mchujo wa kwanza hadi fainali, si za mchujo wa kwanza pekee. Ukipewa viza inayoisha kabla ya fainali, utakuwa umejiondoa mwenyewe.

Mazoezi na mpiga piano wa shindano ni mafupi. Usimwimbie wimbo mzima kwanza. Mwonyeshe kasi kwa kuutamka mstari wa kwanza, mwonyeshe mahali unapokata na mahali unapochelewesha, kisha mpitie viungo tu: mwanzo, mapumziko, mwisho. Nakala iwe imebandikwa kurasa mbilimbili ili zigeuzwe mara chache.

Fainali huwa na okestra, katika ukumbi wa viti zaidi ya 1,700. Hapo mtu hujaribiwa kusukuma. Kondakta hawezi kukufuata kama mpiga piano. Watu sitini hawageuki kwa jicho moja. Kila mahali unapotaka kuchelewesha, onyesha kwa konsonanti: irefushe "sz" ya "szumią" au "m" ya "matko" kabla ya pigo, naye atajua irabu inakuja lini. Aliyezifuta konsonanti zake hana cha kumwonyesha.