Maswali yenu ya gesi na majiko: moto wa usiku kibandani

Mvua zimeanza kushika mwambao wa Ziwa Tanganyika, na maswali mengi ya safari hii ni ya jambo moja: namna ya kupasha joto kibanda cha kulala kambini. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu watu hufa kwa jambo hili wakiwa usingizini, bila kelele na bila moshi.

Kaka yangu anaishi Minnesota, Marekani. Amenitumia picha ya hema wanalovulia samaki juu ya barafu, na ndani yake kuna hita ndogo ya gesi ya propani. Anataka kuniletea moja akija likizo. Itafaa kwenye kibanda changu cha kambi? – Mvuvi, Katonga

Mshukuru, kisha mwambie akuletee sweta zito la sufu.

Hita hizo zimetengenezwa kwa vikopo vya propani vya ratili moja, kama gramu 450, vinavyokazwa kwa nyuzi za skrubu. Mtungi wetu wa kilo 6 una valvu nyingine kabisa. Hapo ndipo watu humwendea fundi wa kuchomelea awachongee kiungio, na hapo ndipo hatari inapoanza. Hita ya namna hiyo hupokea gesi kwa mgandamizo kamili wa mtungi, kisha inaupunguza yenyewe ndani. Mgandamizo huo ni mkubwa mara nyingi sana kuliko ule unaotoka kwenye regulata ya jikoni, kile kifaa cha kupunguza mgandamizo, halafu wewe unaukabidhi kwa nyuzi zilizochongwa kwa kukadiria. Ukiweka regulata ya jikoni katikati, moto utakuwa dhaifu na wa njano, nao una shida zake.

Kaka yako atakuambia hita ina kihisi cha usalama. Ni kweli, zilizo nzuri zinacho: oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi karibu 18, gesi inakatika. Zikipinduka pia zinajizima. Lakini kihisi hicho kinapima oksijeni tu, hakipimi kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye moto usioungua vizuri. Ndiyo maana wavuvi wa huko hutakiwa kuacha matundu ya hewa kwenye hema, na wenye busara huning'iniza na king'ora cha kaboni monoksaidi.

Piga na hesabu ya gesi. Hita ya kilowati 2.6, ambayo kwao ni ya kawaida, inakula gramu 200 hivi kwa saa ikiwa imefunguliwa yote. Mtungi wa kilo 6 unaisha kwa saa 29 au 30. Ukiiwasha saa nane kila usiku, humalizi usiku wa nne. Halafu kila kilo ya propani inayoungua inatoa maji zaidi ya kilo moja na nusu yakiwa mvuke, na mvuke huo unatua kwenye blanketi, kwenye bati na kwenye nguo ulizotaka zikauke. Kilo hiyo hiyo inahitaji takriban mita 13 za ujazo za hewa ili iungue vizuri. Kibanda cha mita 2 kwa 2.5, chenye kimo cha mita 2, kina mita 10 tu.

Kubwa kuliko yote, baridi ya huko siyo ya hapa. Kule wanapambana na hali ya hewa iliyo chini ya sifuri, ndiyo maana wanataka propani: butani inaacha kugeuka mvuke ikikaribia sifuri. Ziwa Tanganyika juu yake lina joto la nyuzi 24 hadi 28 mwaka mzima. Anayetetemeka mwaloni saa kumi alfajiri anatetemeshwa na nguo mbichi na upepo. Dawa yake ni seti moja ya nguo kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki na isiyopanda mtumbwini kamwe, turubai upande upepo unakotoka, na kitu cha kutenganisha mwili na ardhi: nailoni chini, mkeka au gunia juu yake, ndipo godoro. Watu wengi wanaongeza blanketi la juu wakati baridi inawaingia kwa chini.

Jiko la gesi ununue kwa kupikia. Chemsha maji, jaza chupa ya chai, zima, funga valvu ya mtungi, ndipo ulale.

Gesi ikikaribia kuisha, naweza kuulaza mtungi ili iliyobaki itoke yote? – Kibirizi

Hapana, kamwe: mtungi ukilala, gesi ikiwa bado kimiminika inaingia kwenye jiko, na kiasi kidogo cha kimiminika hicho kinageuka moto mkubwa wa ghafla usoni pako.

Mimi nasubiri mkaa uive kabisa nje, moshi uishe, ndipo naingiza jiko ndani na kufunga mlango. Hapo tatizo ni nini? – Kibirizi, na wengine wengi

Swali hili nimeshalijibu mara nyingi, na bado linaletwa kana kwamba ni jipya. Someni safari hii mpaka mwisho.

Moshi ni kitu kimoja, kaboni monoksaidi ni kingine. Chuchumaa karibu na jiko la mkaa lililokolea uangalie juu ya makaa: utaona vindimi vidogo vya bluu vinachezacheza. Hewa inaingia kwa chini na kuunguza mkaa kuwa hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo inapopanda kupita katikati ya makaa mekundu inageuka kaboni monoksaidi. Ikifika juu, kama makaa bado yana ndimi, sehemu kubwa inaungua. Hiyo ndiyo bluu unayoiona. Majivu yakitanda na ndimi zikizimika, haiungui tena, inatoka kama ilivyo. Kwa hiyo mkaa "ulioiva", mwekundu kwa ndani na mweupe wa majivu kwa juu, ambao mnauamini kuliko wote, unaendelea kuitoa kwa saa nyingi.

Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Aliyelala haamshwi na chochote. Usingizi unazidi tu kuwa mzito.

Jiko la mkaa halilali ndani, hata kwa dakika kumi "za kupasha". Vivyo hivyo jiko la mafuta ya taa la tambi, na karabai iliyoachwa ikiwaka wakati watu wamelala. Jenereta ndogo ya kuchaji taa za kuvulia ni mbaya kuliko vyote hivyo: iwekwe nje, mbali na kibanda, moshi wake uelekee upepo unakokwenda. Kuiweka barazani ili isinyeshewe ni sawa na kuiweka chumbani.

Kuna programu ya simu ya kupima kaboni monoksaidi? – Mwanafunzi, Kigoma mjini

Hakuna inayofanya kazi, kwa kuwa simu haina kihisi hicho. King'ora cha kweli kina kihisi chake na betri, na ukinunua tafuta kilichoandikwa EN 50291, alama ya kiwango cha Ulaya cha ving'ora hivyo. Hicho kinalia ndani ya dakika tatu kaboni monoksaidi ikifikia sehemu 300 kwa kila sehemu milioni za hewa.

Kila nikifungua gesi nasikia harufu kidogo halafu inapotea. Jiko linawaka vizuri. Niendelee? – Mama lishe, Ujiji

Hapana, mama. Inapotea kwa sababu pua inaizoea, au kwa sababu gesi imeshuka sakafuni. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu hivi, butani mara mbili. Inatambaa chini, inakaa mashimoni na chini ya meza, ikingojea jiko la mkaa la jirani.

Zima kila moto, toa mtungi nje. Vua regulata, au kichwa cha jiko kama ni la kukalia juu ya mtungi, uangalie ringi nyeusi ya mpira. Ikiwa imekauka, imepasuka au haipo, umeshapata mwizi wako. Kama ringi iliyoharibika ni ya kwenye valvu ya mtungi, rudisha mtungi kwa wakala. Usiongeze kipande cha plastiki wala kamba ya mpira wa baiskeli. Kama ni nzima, rudishia. Changanya maji nusu kikombe na kijiko kimoja cha sabuni ya maji, mpaka povu litoke. Fungua gesi bila kuwasha, kisha paka povu kwa sponji: kwenye maungio ya mtungi, kwenye ncha zote mbili za mpira, na mpira wenyewe wote, ukiukunja kidogo kidogo ili nyufa zifunguke. Subiri dakika nzima kila sehemu. Kiputo kinachokua ndipo panapovuja. Mpira wenye ufa haufungwi kwa gundi wala kukatwa kipande. Nunua mwingine wa gesi, ukaze kwa klipu za chuma ncha zote mbili. Anayetafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti ataupata, na utampata.

Harufu hiyo imeongezwa kiwandani makusudi ili gesi inayovuja ijulikane. Haikulindi na kaboni monoksaidi, isiyo na harufu kabisa.

Sisi warina asali tunalala vibanda vya nyasi porini. Nyasi zinapitisha hewa. Jiko ndani si sawa tu? – Sikonge, Tabora

Nyasi kavu zinapitisha. Zikilowa zinavimba na kushikana, na mvua ikizidi mnatandaza turubai juu na kushindilia pembeni kwa udongo. Kibanda kilichokuwa kinapumua jana leo ni mfuko uliofungwa, na ni leo hasa mnapotaka moto ndani. Pikieni kwenye banda la pembeni lisilo na kuta. Anayelazimika kupika ndani kwa sababu ya mvua aache tundu moja chini na jingine juu upande wa pili, kila moja la ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa, na abaki macho mpaka moto uzimwe. Neno hili liwafikie na wakulima wa Urambo wanaochochea usiku moto wa mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku: msitandike mkeka mdomoni mwa tanuri.

Tunaweza kupika kwa gesi mtumbwini usiku? – Kalya

Msipike. Gesi ikivuja nchi kavu upepo unaweza kuiondoa. Mtumbwini inashuka pale maji yanapokusanyika na kukaa kama maji ndani ya beseni, karibu na injini na dumu la petroli. Mtungi wa kupeleka kambini usafirishwe wima, umefungwa kamba, valvu imefungwa, regulata imevuliwa, na uwe mbali na injini.

Kambini kwetu watu wanne waliamka na kichwa kikali na kichefuchefu. Tulidhani malaria. Tutatofautishaje? – Mwamgongo

Swali zuri kuliko yote. Ni nadra malaria kuwashika watu wanne wa kibanda kimoja asubuhi moja. Kama wote wameamka na kichwa, kizunguzungu, kutapika na miguu kulegea, hawana homa, wanapata nafuu wakikaa nje, na usiku kulikuwa na moto ndani, ni kaboni monoksaidi mpaka ithibitike vingine. Malaria wapimwe hata hivyo.

Fungua mlango, vuta pumzi nje, ingia uwatoe, usikae ndani kuzima jiko kwanza. Asiye na fahamu alazwe ubavu. Maziwa hayasaidii, maana sumu imeingia kwa mapafu na iko kwenye damu, na asiye na fahamu akinyweshwa chochote atapaliwa. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka kwa saa nne au tano. Kwa oksijeni ya hospitali ni karibu saa moja na nusu. Kwa hiyo aliyezimia, aliyechanganyikiwa, mjamzito au mwenye maumivu ya kifua apelekwe mara moja, hata akionekana kupata nafuu. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni ya damu, kisiwadanganye: kinaweza kusoma 98 wakati damu imejaa sumu, kwa sababu hakitofautishi kaboni monoksaidi na oksijeni. Mkifika zahanati au hospitali ya Maweni, neno la kwanza liwe kwamba wagonjwa walilala na jiko ndani, ili oksijeni isingoje majibu ya malaria.