Je, Kusoma Chuo Kunalipa? Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa na dirisha la udahili wa vyuo vikuu kufunguliwa, barua za wasomaji huongezeka, na nyingi huuliza jambo moja kwa sura tofauti: je, fedha, miaka na matumaini ambayo familia huweka katika chuo hurudi? Nimechagua maswali machache ambayo naamini yanawahusu wengi, na nimeyajibu kwa kadiri ya uzito wake.

Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGK (historia, jiografia na Kiswahili) na nimepata daraja la pili. Mtaani kwetu kuna kaka wawili wenye shahada, na wote wanaendesha bodaboda. Kuna haja gani ya kutumia miaka mitatu kupata karatasi isiyo na kazi? (Msomaji, Songea)

Mdogo wangu, ulichokiona ni cha kweli na sitajaribu kukupoza kwa maneno matamu. Hata hivyo, kabla hujahukumu shahada kwa kuwatazama kaka hao wawili, waulize walisoma nini, wapi, na walipochagua kozi hiyo walikuwa wanaitaka kazi gani. Mara nyingi utasikia kwamba walichagua kozi kwa sababu pointi zao ziliiruhusu. Mwenye ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4 ametimiza kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu nchini Tanzania, lakini kiwango hicho kinasema tu kwamba unaweza kudahiliwa; hakisemi lolote juu ya kazi utakayoipata baadaye.

Ninakushauri uanzie kwenye kazi, kisha urudi nyuma kuitafuta njia yake. Ziko kazi ambazo sheria yenyewe inadai cheti: huwezi kuwa daktari, muuguzi, mhandisi aliyesajiliwa au wakili bila kupita darasani, hata ukiwa na kipaji cha namna gani. Ziko kazi ambazo cheti hutumika kama chujio, na hasa ajira za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambako tangazo hutaja kiwango cha elimu na asiye nacho haitwi kwenye usaili. Na ziko kazi nyingi, kama biashara, ufundi, usafirishaji, upishi na kilimo cha mboga, ambazo mteja hutazama ulichokifanya na wala haulizi ulisoma wapi. Shahada ina thamani kubwa katika kundi la kwanza, thamani ya wastani katika kundi la pili, na katika kundi la tatu thamani yake hutegemea kama ilikufundisha jambo ambalo hungelijua bila hiyo.

Kwa tahasusi yako, milango inayotajwa sana ni sheria na ualimu, na yote miwili inahitaji kutazamwa kwa macho makavu. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo ina ada yake na mitihani yake migumu, kwa hiyo anayepanga bajeti ya sheria apange hadi huko. Kuhusu ualimu, zamani mhitimu alisubiri kupangiwa kituo; siku hizi walimu nao wanaingia kwenye usaili, na wenye masomo ya sanaa ni wengi kuliko nafasi, ilhali wa fizikia na hisabati bado wanatafutwa. Sisemi usiwe mwalimu wa historia. Nasema kwamba ukiichagua njia hiyo, uichague ukijua kuwa unaweza kusubiri muda mrefu, na ujiandae kwa shule binafsi, kwa masomo ya ziada ya jioni, au kwa ujuzi wa pili utakaokulisha wakati unasubiri.

Fanya mambo mawili wiki hii. Soma matangazo ya ajira ya miezi michache iliyopita, uandike kazi tano ambazo ungefurahi kuzifanya na sifa zinazotakiwa kwa kila moja. Kisha watafute wahitimu wawili wa kozi unayoifikiria, mmoja aliyeajiriwa na mwingine ambaye bado hajapata, uwasikilize wote kwa makini. Baada ya hapo jiulize swali ambalo vijana wengi hulikwepa: usipoenda chuo, hiyo miaka mitatu utaifanyia nini hasa? Mwenye mjomba mwenye duka anayemhitaji, au mwenye shamba na mtaji wa kuanzia, ana jibu la kweli. Asiye na chochote cha kufanya asidhani kwamba kukaa nyumbani hakuna gharama.

Mwanangu amechaguliwa chuo kikuu binafsi kusoma utawala wa biashara, lakini Bodi ya Mikopo haikumpa mkopo. Nina ekari nne na ng'ombe sita. Je, niuze ili asome? (Baba, Kahama)

Mzee wangu, shikamoo. Nimelisoma swali lako mara nyingi, kwa sababu nyuma yake naona upendo wa mzazi ambaye yuko tayari kubaki mikono mitupu ili mtoto asonge mbele. Jibu langu ni kwamba shamba lisiuzwe, na ninaomba unipe nafasi ya kueleza.

Ada ni sehemu tu ya gharama. Bodi ya Mikopo humpa mnufaika shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, fedha ambayo wanafunzi huiita bumu, na wanafunzi wenyewe watakuambia kwamba mjini haibaki. Tuchukue kiasi hicho hicho kama kipimo: kwa miezi minane ya masomo ni shilingi milioni 2.4 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni milioni 7.2, kabla hujalipa ada, nauli, vitabu, na zile wiki za mafunzo kwa vitendo ambazo mara nyingi hufanyika mbali na chuo. Familia nyingi huuza mali kulipia mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili zinakuta hakuna kilichobaki cha kuuza. Mtoto anarudi nyumbani hana shahada na wazazi hawana shamba. Nimewaona watu wa namna hiyo, na maumivu yao ni makubwa kuliko ya yule ambaye hakwenda kabisa.

Kabla ya kugusa mali, kuna hatua za kujaribu. Akate rufaa Bodi ya Mikopo dirisha la rufaa linapofunguliwa, akiambatisha kila hati inayothibitisha hali ya familia, kwa maana maombi mengi hukwama kwa sababu ya nyaraka zenye upungufu. Alinganishe pia kozi hiyo hiyo katika taasisi za umma: utawala wa biashara unafundishwa Chuo Kikuu Mzumbe na Chuo cha Elimu ya Biashara, na tofauti ya ada na chuo chake inaweza kuwa kubwa. Njia nyingine ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho kina vituo mikoani na humruhusu mwanafunzi kusoma huku akifanya kazi. Yapo pia mapito ya stashahada: anaweza kusoma miaka michache katika chuo cha kati, akafanya kazi, kisha akarudi kuomba shahada akiwa na wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0.

Nikiri kwamba kuhusu kozi yenyewe nina wasiwasi. Utawala wa biashara ni kozi pana inayosomwa na maelfu, na anayefaidika nayo zaidi ni yule aliyekwisha kugusa biashara. Ungekuwa umeniuliza juu ya uuguzi au uhandisi wa umeme, pengine ningekubali uuze ng'ombe wawili, lakini shamba bado ningelitetea. Mketishe mwanao, mwoneshe hesabu hizi bila kumtisha, mpange pamoja. Kijana wa kidato cha sita anastahili kujua uwezo halisi wa nyumba yake.

Nilipata daraja la nne kidato cha nne. Chuo kimoja cha afya kilinipigia simu kikisema nafasi yangu ipo, nilipe tu fedha ya kujiunga. Je, niende? (Msichana, Tanga)

Mwanangu, usilipe hata shilingi moja kabla hujathibitisha mambo mawili. La kwanza ni kama chuo hicho na kozi hiyo vina usajili na ithibati ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, ambalo huchapisha orodha ya vyuo inavyovitambua. La pili ni kama wewe mwenyewe una sifa. Astashahada kwa kawaida hutaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia D, na kwa uuguzi au utabibu lazima miongoni mwake kuwe na biolojia, kemia na fizikia. Ikiwa huna kemia na mtu anakuambia kwamba hilo "litarekebishwa", mkimbie, kwa sababu utasoma miaka yote kisha ukataliwe na baraza la taaluma, na fedha haitarudi.

Ikiwa moyo wako uko kwenye afya na umekosa somo moja au mawili, kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ni njia halali na ya gharama nafuu, wala haina aibu yoyote. Ikiwa unachotaka ni kujitegemea mapema, fikiria VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu katika vyuo vyake imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wanaosoma kutwa na 120,000 kwa bweni, ambayo familia nyingi zinaimudu. Usidhani kwamba msichana lazima aende kwenye ushonaji au upishi. Umeme wa majumbani, uchomeleaji na ufundi wa magari vina wanawake wachache, na wateja wengi, hasa akina mama walio peke yao nyumbani, hupendelea kumfungulia mlango fundi wa kike.

Nimepata mkopo wa elimu ya juu, lakini naogopa deni. Je, halitanifunga maisha yangu yote? (Msomaji, Mbeya)

Tupige hesabu, kwa sababu hofu hupungua inapoandikwa kwa tarakimu. Tuseme umemaliza ukiwa na deni la shilingi milioni 12 na umeajiriwa kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Kwa mujibu wa sheria, mwajiri atakata asilimia 15, yaani shilingi 120,000 kwa mwezi, kwa hiyo utamaliza kwa miezi 100, miaka minane na miezi minne. Makato hayo ni makali. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016 yalikuwa asilimia 8. Kwa upande mwingine, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikivimbisha deni kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni la leo halikui kama la waliokutangulia.

Kwa kozi yenye ajira inayoeleweka, mkopo huu ni nafuu kuliko fedha yoyote utakayoikopa kwingine, na ningeuchukua. Hatari ya kweli ni kukopa kisha kuacha chuo katikati, kwa maana deni litabaki na cheti hutakuwa nacho. Ukiona katika muhula wa kwanza kwamba kozi hukuielewa ulipoiomba, uliza mapema juu ya utaratibu wa kuhamia kozi nyingine.

Nina miaka 31, ni fundi wa magari niliyejifunzia gereji. Rafiki zangu wananiambia nikasome stashahada ili niheshimiwe. Wewe unaonaje? (Fundi, Arusha)

Ndugu yangu, ikiwa wateja unao na mkono wako unaaminika, usifunge gereji kwa ajili ya heshima. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa vitendo, unaelekezwa palipopungua, kisha unapewa cheti kinachotambulika. Cheti hicho kinatosha kukuwezesha kuomba kazi katika kampuni zinazodai vyeti. Panapofaa kulipia masomo ni pale ujuzi wako unapoishia: magari ya siku hizi yana mifumo ya umeme na kompyuta, na kozi fupi ya kuyapima itakuletea wateja ambao sasa unawaelekeza kwa wengine.

Nina shahada ya maendeleo ya jamii na sijapata kazi tangu nihitimu. Je, nisome shahada ya uzamili wakati nasubiri? (Mhitimu, Dodoma)

Hapana, si kwa sababu hiyo. Uzamili unamfaa mwenye uzoefu anayezuiwa kupanda cheo, anayetaka kufundisha chuo, au aliyepata ufadhili kamili. Kwa asiye na uzoefu, mwajiri humwona kama mtu mwenye elimu kubwa kuliko nafasi iliyopo, huku uzoefu wake ukiwa ule ule. Fedha ambayo ungelipia ada itumie kukuweka karibu na kazi. Jitolee kwa muda maalumu katika halmashauri au shirika linalofanya kazi uliyoisomea, na ukubaliane nao kwa maandishi kwamba watakupa barua ya utambulisho wa kazi uliyoifanya. Jifunze kuandika maombi ya ufadhili wa miradi na kuchakata takwimu kwa kompyuta, kwa kuwa ndiyo maswali yatakayokukuta kwenye usaili. Weka ukomo wa mwaka mmoja. Ukomo huo ukifika kabla hujaajiriwa, anza shughuli ya kujipatia kipato hata kama haihusiani na shahada yako, huku ukiendelea kuomba kila nafasi inayotangazwa.