Kwa nini bunduki ile ile ya kurusha rangi ilegee asubuhi na iumize alasiri?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya upili mjini Kisumu. Walimu wenzangu nami tulisafiri hadi Nakuru kucheza peintiboli, mchezo wa kufyatuliana risasi za rangi, katika siku yetu ya kujenga ushirikiano kazini. Asubuhi risasi za rangi zilikuwa zikianguka kabla ya kufika zilikolengwa, na nyingine zilipasukia ndani ya mtutu. Alasiri, kwa bunduki zizo hizo, wenzetu kadhaa walitoka uwanjani na alama za zambarau mapajani na mgongoni. Mhudumu alisema kwamba hayo ni ya kawaida. Sasa naibu wa mwalimu mkuu anasita kuidhinisha safari nyingine. Je, bunduki zilikuwa mbovu? Na tukirudi, tuulize nini?

Jibu: Mwalimu, kwa maelezo yako sidhani kwamba bunduki zilikuwa mbovu. Ninachoshuku ni gesi, na zaidi ya gesi, kwamba hakuna aliyepima kasi ya risasi tena baada ya asubuhi.

Bunduki nyingi za kukodisha huendeshwa kwa kaboni dayoksidi, ambayo ndani ya mtungi huwa kimiminika chini na mvuke juu. Maadamu kimiminika kipo, shinikizo la mvuke huo hufuata joto la mtungi wala si kiasi cha gesi kilichobaki: katika nyuzi 10 za Selsiasi, baridi ambayo asubuhi ya Nakuru huizoea, ni takriban bar 45 (bar ni kipimo cha shinikizo), na katika nyuzi 30, ambazo mtungi ulioachwa juani huzifikia bila shida, hupanda hadi bar 72 hivi. Isitoshe, mchezaji anayefyatua mfululizo huupoza mtungi wake mwenyewe, kwa kuwa kimiminika hunyonya joto kinapogeuka mvuke, na ndiyo sababu wakati mwingine huonekana umande au hata barafu nyembamba kwenye shingo ya mtungi. Ikiwa mtu aliikaza skrubu inayorekebisha kasi ya risasi saa mbili asubuhi ili risasi zifike mbali, kisha asiiguse tena, wachezaji wa saa nane walikabidhiwa bunduki yenye nguvu kupita kiasi.

Risasi ya kawaida ina kipenyo cha milimita 17.3 na uzito wa gramu 3 hivi. Kikomo kinachokubalika kwa mapana ni futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91, na viwanja vingi vya wageni hushusha hadi futi 280 au chini ya hapo. Nguvu ya pigo haiongezeki sawia na kasi bali na mraba wake; kasi ikipanda kutoka futi 280 hadi 320, ongezeko ambalo jicho haliwezi kulitambua, pigo huongezeka kwa asilimia 30. Kwa hiyo alama ndogo nyekundu ni jambo la kutarajiwa katika mchezo huu, lakini michubuko ya zambarau kwa watu kadhaa, tena alasiri pekee, ni dalili ya kwamba kipimo kilihitajika.

Kipimo chenyewe hakichukui muda. Bunduki huelekezwa kwenye wavu au ukuta wa majaribio, hufyatuliwa mbele ya kifaa cha kupimia kasi, na kama tarakimu imezidi, fundi huilegeza skrubu kidogo, hufyatua mara mbili tatu bila kusoma ili shinikizo la ndani litulie, ndipo husoma upya. Utaratibu huu ufanyike kwa kila bunduki kabla ya mchezo na urudiwe baada ya chakula cha mchana. Uwanja unaotumia hewa iliyoshindiliwa yenye kidhibiti shinikizo una nafuu kubwa, kwa sababu hewa hiyo haibadiliki sana na joto. Hata hivyo kupima kuko pale pale.

Kuhusu risasi kupasukia mtutuni, ganda lake ni jelatini, kama la vidonge vya dawa: baridi hulifanya liwe gumu na lenye kuvunjika upesi, na unyevu hulivimbisha na kulilainisha. Mkinunua katoni za risasi Kisumu na kuzihifadhi kwenye stoo yenye unyevu, mtafika Nakuru na risasi zilizobonyea upande mmoja. Mtutu uliochafuka usafishwe mara moja, la sivyo kila risasi inayofuata itapinda njiani, na iliyookotwa chini isirudishwe bundukini.

Jambo ambalo ningemwambia naibu wako kwanza, hata kabla ya kasi, ni kinyago. Risasi ikipiga jicho lililo wazi inaweza kulipofusha, na watu huvua kinyago si kwa ukaidi bali kwa ukungu, ambao ni mwingi asubuhi yenye baridi. Ulizeni kama vioo vya vinyago ni vya tabaka mbili, ambavyo havishiki ukungu upesi, na mkataze kabisa kinyago kuinuliwa uwanjani. Asiyeona ainue mkono, refa asimamishe mchezo na kumtoa nje. Kila mtutu ufunikwe kifuniko chake kabla ya mtu yeyote kuvua kinyago.

Kwa upande wa mafunzo, msimpe mwalimu mkuu ukapteni; watu watamtii yeye badala ya kusikilizana. Gaweni risasi 100 kwa kila mtu na mcheze raundi fupi. Uhaba huo ndio unaofundisha, kwani mmoja analazimika kuwafyatulia wapinzani ili wainamishe vichwa wakati mwenzake anakimbilia kizuizi kingine, na asipotangaza kwamba risasi zimemwishia, mwenzake ananaswa katikati ya uwanja. Baada ya raundi muulizane nani alijua nini na hakusema.

Naibu akiendelea kusita, pendekeza bunduki za risasi ndogo za milimita 12.7. Risasi hizo zina uzito wa gramu 1.2 hivi, na kwa kasi ile ile pigo lake halifiki hata nusu ya lile la risasi ya kawaida, ingawa hazifiki mbali sana na upepo huzipeperusha kwa urahisi zaidi.