Usipande Longonot na buti jipya

Usiyavae mabuti hayo Jumamosi. Umeandika kwamba daktari amekuagiza utembee kwa sababu ya presha, kwamba umejiunga na kikundi kinachokwenda kuizunguka kreta, yaani shimo la kileleni, ya mlima wa volkano wa Longonot, na kwamba jana ulinunua mabuti mapya ya mlimani. Kisha ukauliza kuhusu saa ya kuondoka Nairobi, nauli na chakula. Niliposoma neno "mapya", kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kiliuma, ingawa ni miaka 4 sasa tangu kipoteze kucha yake ya kwanza.

Mimi pia, kabla ya kupanda Longonot, nilinunua yangu siku ya Alhamisi, kwa shilingi 9,500, katika duka moja la katikati ya jiji ambalo sitalitaja. Niliyajaribu asubuhi, nikiwa nimeketi, na soksi nyembamba za ofisini. Niliposema kwamba vidole vinagusa mbele, muuzaji alicheka na kunihakikishia kwamba ngozi hulainika yenyewe njiani. Ni kweli kwamba ngozi ililainika njiani, lakini ilikuwa yangu.

Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni mwendo wa takribani kilomita 3, na kuuzunguka ukingo wenyewe ni kilomita 7.2, ukipitia kilele cha mita 2,776. Tulipokuwa tukipanda, kisigino kilikuwa kikiinuka na kushuka ndani ya buti gumu, na kabla hatujafika ukingoni nilihisi joto mahali pamoja, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Hapo ningesimama, nivue, nibandike plasta, na pengine nigeuke. Sikusimama, kwa kuwa niliona haya mbele ya wenzangu. Kushuka ndiko kulikonimaliza, kwa sababu vumbi la volkano huteleza chini ya soli, mguu ukasukumwa mbele, na kila hatua kucha zikagonga ncha ya buti kama mdai mlangoni mwisho wa mwezi. Sehemu ya mwisho niliishuka kinyumenyume, huku mzee mmoja aliyevaa akala akinipita na kunipa pole mara mbili. Nilipovua soksi, ngozi ya lengelenge la kisigino ilitoka nayo, na kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi kama mbegu ya papai. Kwa wiki 3 sikutembea hata kwenda kununua maziwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazoezi yangu ya afya.

Yule muuzaji bado ananikera. Mtu anayeuza mabuti ya mlimani anajua kwamba miguu huvimba kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo kiatu hujaribiwa jioni, kwa soksi nzito zitakazovaliwa safarini, mteja akiwa amesimama kwenye ngazi akielekea chini, na vidole vikiwa na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele yake. Alijua, ila alitaka kufunga mauzo yake ya asubuhi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: buti halioni mlima kabla halijatembea kilomita 50 mjini. Yazoeze nyumbani, kisha kazini, kisha msitu wa Karura jijini Nairobi, ambako njia ni za kivuli na ukianza kuumia huhitaji kushuka mlima ili urudi nyumbani. Tena daktari wako alisema utembee. Sidhani kama aliitaja Longonot. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, nazo Karura inazitosheleza bila kucha kung'oka.

Kuhusu chakula, beba unachopenda, na maji zaidi ya unavyodhani. Jumamosi vaa raba zako kuukuu ulizozizoea, mradi soli yake haijawa laini kama sabuni. Na yale mabuti, kama vidole vinagusa mbele, yarudishe kesho kabla hujayachafua. Risiti unayo?