Kitosani na siprofloksasini: utando kupasuka, na dawa kutoka yote ndani ya saa moja

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini utando wako wa kufunika kidonda, wa kitosani (polima inayotokana na maganda ya kamba na kaa) wenye siprofloksasini (antibiotiki), unapasuka ukikauka, na kwa nini ukiuzamisha kwenye bafa (mchanganyiko unaoshikilia pH isibadilike) ya pH 7.4 dawa karibu yote inatoka ndani ya saa moja. Umesema pia unafikiria kuongeza glutaraldehaidi, kemikali ya kufunga minyororo ya kitosani pamoja. Usikimbilie huko. Ni sumu kwa seli, na mabaki yake ni kazi kuyaosha.

La kupasuka ni jepesi. Unakausha haraka mno, au kilainishi (kinachofanya utando upindike bila kuvunjika) ni kidogo. Weka gliseroli robo ya uzito wa kitosani, kausha kwa nyuzi 37 hadi 40 kwa siku moja au mbili, bila feni. Ukipitisha theluthi moja ya gliseroli utando huanza kunata na kuvuta unyevu wa hewani. Sahani ikae juu ya meza iliyopimwa kwa pimamaji, la sivyo upande mmoja utakuwa mnene na mwingine utapasuka. Na ufunike usipigwe na mwanga. Siprofloksasini inaharibiwa nao.

Hesabu ya kuanzia: kitosani gramu 2 kwa kila mililita 100 za asidi ya asetiki ya asilimia 1. Nyunyiza unga kidogo kidogo huku kikorogeo kinazunguka, acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa cha nailoni, kisha uache utulie mpaka mapovu yaishe. Mililita 25 kwenye sahani ya kipenyo cha sentimita 9 zina gramu 0.5 za kitosani, kwa hiyo gliseroli ni gramu 0.125. Eneo ni sentimita 63.6 za mraba. Ukitaka miligramu 0.5 za dawa kwa kila sentimita ya mraba, unahitaji karibu miligramu 32 kwa sahani nzima. Pima kipenyo cha ndani mwenyewe, maana sahani nyingi hazifiki 9 kamili.

Sasa la dawa, ambalo ndilo lenye mambo. Utando uliokauka bado ni chumvi ya asidi ya asetiki. Ukigusa maji unavimba vibaya na kuanza kuyeyuka, na dawa inaondoka nao. Lazima uondoe asidi kwanza. Wengi huzamisha kwenye sodiamu haidroksaidi ya mola 1, na kwa utando mtupu hiyo inafaa sana. Kwa dawa yako ni kosa: siprofloksasini huyeyuka vizuri kwenye asidi na kwenye alkali kali, ila karibu na pH 7.4 umumunyifu wake ni mdogo kabisa. Kwa hiyo alkali kali inakuoshea dawa kabla hata hujaanza kupima. Tumia bafa ya fosfeti ya pH 7.4 iliyokwisha kushiba siprofloksasini. Dawa ya ndani haina pa kwenda, asidi inatoka. Pima pH ya bafa kila baada ya dakika chache na uirekebishe, kwa sababu asidi inayotoka itaishusha. Halafu suuza upesi, kausha, yeyusha kipande kimoja kwenye asidi ya hidrokloriki ya mola 0.1 na upime dawa iliyobaki. Chukua vipande vya katikati na vya pembeni: wakati wa kukauka dawa husogea ukingoni, na ukingo huo mimi huutupa.

Unene nao una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Muda wa dawa kupenya hukua kwa mraba wa unene, yaani ukiuongeza mara mbili muda unakuwa mara nne. Utando wako wa sasa una mikromita 70 hadi 100 hivi. Ukimwaga tabaka la pili lisilo na dawa, upande utakaogusa kidonda, utapunguza ule mfoko wa mwanzo, yaani dawa nyingi kutoka kwa ghafla. Lakini ondoa asidi kwenye tabaka la kwanza kabla ya kumwaga, la sivyo majimaji mapya ya asidi yatalilainisha na dawa itahamia juu.

Kingine ni jaribio lenyewe. Kuzamisha kipande kizima kunaachia dawa pande zote mbili, wakati kidonda kinagusa upande mmoja. Ziba mgongo, au tumia seli ya Franz, chombo ambamo upande mmoja tu wa utando hugusa maji. Badala ya bafa ya fosfeti, maji yenye gramu 8.3 za sodiamu kloraidi na 0.37 za kalisiamu kloraidi dihaidreti kwa lita yanakaribia zaidi chumvi za majimaji ya kidonda (na siku ukihamia aljineti (polima ya mwani) utashukuru, kwa sababu fosfeti hunyang'anya kalisiamu inayoishikilia). Kiasi cha maji kiwe kikubwa. Kikiwa kidogo, yanashiba, dawa inaacha kutoka, na mchoro wako unaonekana mzuri kwa sababu mbaya. Chora pia mstari wa vipimo (wa kugeuza usomaji wa mwanga kuwa kiasi cha dawa) kwa maji yale yale: kilele cha siprofloksasini cha kufyonza mwanga kwenye asidi kiko karibu nanomita 277, na kwenye pH ya 7.4 kinasogea hadi karibu 271.